Ng'ombe wa Asili Katika Boma la Jamaa: Historia ya Boran na Zebu Wetu



Ni desturi ya taarifa hii ya mwaka kwamba, zikiisha kusomwa hesabu za fedha na habari za misaada waliyopewa wagonjwa, wajane na watoto wa shule, huwekwa kurasa chache za historia, ili wanachama wapate jambo la kufikiri na kuzungumza majumbani mwao. Safari hii tumechagua habari za ng'ombe wa asili, yaani zebu wetu wa kienyeji, na hasa yule mkubwa wao aitwaye Boran.

Habari hii haikuchaguliwa kwa ajili ya kupitisha wakati. Katika maboma mengi ya wanachama liko shauri ambalo bado halijakatwa. Mzee asema, "Ng'ombe hawa niliachiwa na baba, sitawaondoa." Kijana naye ajibu, "Baba, wako hutoa chupa mbili za maziwa, na wa jirani hutoa nusu debe." Wote wawili wastahili kusikilizwa. Walakini shauri likikatwa bila kujua mambo yaliyotangulia, hukatwa kwa hasira au kwa pupa. Na ng'ombe wa mwisho wa ukoo wake akiisha kupelekwa kwa mchinjaji, hakuna fedha iwezayo kumrudisha. Kwa hiyo yafaa tuanze na historia, kisha tuje kwenye shauri lenyewe.

ASILI YAO

Ng'ombe walifika katika nchi yetu zamani sana. Mifupa iliyofukuliwa karibu na Ziwa Turkana yatuonyesha kwamba watu walikuwa wakifuga huko zaidi ya miaka 4000 iliyopita. Ng'ombe hao wa kwanza hawakuwa na nundu. Wale wenye nundu, ambao ndio zebu, asili yao ni upande wa Bara Hindi. Waliingia Afrika baadaye, kwa njia ya Pembe ya Afrika na pwani ya Bahari ya Hindi, wakachanganyika na wale waliowatangulia, na kila watu wakawalea kulingana na nchi yao.

Hivyo ndivyo walivyopatikana zebu wadogo wa Ukambani, wa Nandi, wa Umaasai na wa nchi zilizo kando ya Ziwa Victoria. Ukimtazama zebu mdogo kwa jicho la mnunuzi wa nyama, hutaona mengi, maana jike mzima mara nyingi hapiti kilo 300. Lakini mtazame kwa jicho la mwenye boma. Hula nyasi kavu ambazo ng'ombe mwingine angezinusa na kuziacha. Ngozi yake ni legevu na nywele zake ni fupi, kwa hiyo jua halimlemei. Ndama wake huzaliwa mdogo, basi mama huzaa bila kuhitaji mkono wa mtu. Na katika nchi zenye kupe, ndama wengi wa kienyeji huumwa kidogo wakiwa wachanga, kisha huishi na kinga maisha yao yote.

Boran ni zebu pia, lakini mkubwa. Jike la Boran wa Kenya aliyelelewa vizuri hufika kilo 380 mpaka 450, na fahali huweza kupata kilo 500 mpaka 850. Ana nundu iliyosimama, kidari kipana, ngozi ininginiayo shingoni, na mwendo wa utulivu. Jina lake ni jina la Waborana, watu wa nyanda za kusini ya Ethiopia na kaskazini ya Kenya, ambao ndio waliomlea mpaka akawa vile alivyo.

WATU WALIOMLEA

Nchi ya Waborana ni nchi ya mvua chache na visima virefu. Yako maji yaliyo chini sana ya ardhi, na visima vilivyochimbwa na wahenga kuyafuata. Siku ya kunywesha, vijana hujipanga mmoja juu ya mwenzake kutoka chini kabisa mpaka juu, wakipokezana ndoo kwa kuimba, na nyimbo zao ndizo zishikazo kipimo cha kazi. Kila kisima kina mtu wa kusimamia zamu, ili kundi la mmoja lisinywe kabla ya wakati wake. Wakati wa kiangazi ng'ombe hunyweshwa kila siku ya tatu tu. Siku nyingine huenda mbali kutafuta malisho, kisha wakarudi tena kisimani.

Tufikiri kidogo maana ya jambo hilo. Ng'ombe asiyeweza kutembea mwendo mrefu bila maji hakubaki. Ng'ombe aliyemwacha ndama wake porini hakuacha uzao. Fahali mkali asiyekubali kukaa pamoja na wenziwe katika zizi moja aliwasumbua watoto wachungao, akahasiwa au akachinjwa. Karne baada ya karne, nchi yenyewe ilichagua, na watu nao walichagua, mpaka akapatikana ng'ombe mpole, mwenye kupenda ndama wake, mwenye kushikamana na kundi, na mwenye kuhifadhi mafuta mwilini kwa ajili ya siku za dhiki. Hapana shule iliyofundisha kazi hiyo, wala hapana kitabu kilichoandikwa. Lakini ilikuwa elimu, na elimu ya hali ya juu.

Liko jambo jingine la Waborana ambalo chama kama chetu hakina budi kulitazama kwa heshima. Wao wana sheria ya kusaidiana iitwayo busa gonofa. Mtu akipoteza ng'ombe wake kwa njaa, kwa ugonjwa au kwa vita, wazee wa ukoo hukutana, hulichunguza jambo lake, kisha wenye kujaliwa hutoa ng'ombe majike ili mwenzao aanze tena. Hapewi fedha ya kula siku mbili. Hupewa ng'ombe wa kuzaa. Msaada wa namna hiyo humrudisha mtu katika heshima yake. Lakini tuangalie vyema: busa gonofa yawezekana kwa sababu mbegu ya ng'ombe haijapotea. Kama kila boma lingekuwa limeuza wake, ukoo ungemsaidia mwenzao kwa kitu gani?

SOTOKA

Mwishoni mwa karne ya 19 ng'ombe wa Afrika walipatwa na msiba usio na mfano. Ugonjwa wa sotoka uliingia upande wa Eritrea na Ethiopia katika miaka ya mwisho ya 1880, ukashuka kusini, na kufika nchi zetu karibu na mwaka 1890 na 1891. Katika mahali pengi walikufa ng'ombe tisa katika kila kumi. Kufikia 1896 na 1897 ugonjwa ulikuwa umevuka mto Zambezi ukaingia Afrika ya Kusini. Hapa kwetu ulifuatwa na njaa na ndui. Wamaasai, ambao maisha yao yote yalisimama juu ya ng'ombe, wameihifadhi miaka ile katika kumbukumbu zao kama miaka ya kuangamia.

Ni lazima tuelewe kwamba wageni waliokuja kuitawala nchi yetu katika miaka ya 1890 waliikuta ikiwa imekwisha kupigwa. Waliona mbuga tupu, wakadhani hazina wenyewe. Kumbe wenyewe walikuwapo, nao walikuwa wakijaribu kuanza tena kwa ng'ombe wachache walionusurika. Zebu tulio nao leo ni uzao wa hao wachache.

Serikali ilijenga maabara ya mifugo Kabete mwaka 1910, na kazi ya kupigana na sotoka ikaendelea hapo na baadaye Muguga. Huko Muguga daktari Walter Plowright na wenzake walitengeneza, karibu na mwaka 1960, chanjo ambayo kwa hakika ndiyo iliyoshinda. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1999. Mara ya mwisho sotoka kuonekana duniani ilikuwa hapa Kenya, kati ya nyati wa mbuga ya Meru, mwaka 2001. Na mwaka 2011 ilitangazwa rasmi kwamba ugonjwa huo umekwisha ulimwenguni. Katika maradhi ya wanyama, ndio wa kwanza kufutwa kabisa. Ushindi huo ulipatikana katika ardhi yetu, na yafaa watoto wetu wafundishwe.

LAIKIPIA

Sasa tuje kwenye sura iliyo chungu na tamu pamoja. Kwa mapatano ya 1904 Wamaasai waliondolewa katika malisho yao ya Bonde la Ufa, wakagawanywa kaskazini na kusini; wale wa kaskazini wakapewa Laikipia, tena kwa ahadi kubwa. Haikupita miaka saba, mapatano mengine yakafanywa mwaka 1911, nao wakahamishwa kutoka Laikipia kwenda kusini. Walipeleka shauri lao mahakamani mwaka 1913, wakashindwa. Nchi ile ikawa mashamba ya masetla.

Masetla walihitaji ng'ombe wa kuanzia. Waliwapata kwa wafanya biashara, wengi wao Wasomali, walioleta makundi kutoka nchi ya Waborana. Mwanzoni hawakumthamini ng'ombe huyu. Walimchukua kuwa ni jike la kupandishwa na fahali wa Kiingereza ili uzao wake upate kusafishwa. Lakini kila walipoizidisha damu ya Ulaya, ndama walizidi kufa kwa kupe, kwa jua na kwa kiangazi. Ndipo baadhi yao, kuanzia miaka ya 1920, walipogeuka wakamrudia Boran mwenyewe, wakachagua fahali bora na majike bora, wakawaandika. Mwaka 1951 kilianzishwa chama cha wafugaji wa Boran, chenye daftari la ukoo na kanuni za kumtambua ng'ombe safi. Alama ya majaribio yale ya mwanzo haijafutika: wachunguzi wa vinasaba wanaona katika Boran wa Kenya sehemu ya damu ya Ulaya, pamoja na ile ya zebu iliyo kubwa zaidi, na ile ya ng'ombe wa kale wa Afrika.

Mtu atauliza: Je, tuwasifu masetla kwa kazi hii? Tuseme haki. Waliandika, walipima, walichagua kwa uangalifu, na jambo hilo twaweza kujifunza bila kuona haya. Lakini ng'ombe waliyemwandika alikuwa amekwisha kulelewa na watu wengine kwa karne nyingi, na ardhi waliyomlishia ilikuwa ya watu wengine. Ukweli huu wa pande mbili usifichwe hata upande mmoja.

UKAMBANI, MWAKA 1938

Wakati masetla wakijifunza kumheshimu zebu, serikali ilikuwa ikiwaambia Waafrika kwamba zebu wao ni wengi mno na hawana faida. Makundi ya Waafrika yalifungwa kwa karantini miaka mingi, hata yasiweze kuuzwa kwa bei ya haki. Huko Ukambani ardhi ilikuwa imechakaa kweli, mmomonyoko ulionekana kwa macho. Lakini sababu yake moja ilikuwa kwamba malisho ya zamani yalikuwa yamekatwa yakapewa wengine, na watu na mifugo wakasongamana katika sehemu iliyobaki.

Mwaka 1938 serikali iliamua kupunguza ng'ombe kwa nguvu. Kiwanda cha nyama cha kampuni ya Liebig kilikuwa kimejengwa Athi River, nacho kilihitaji ng'ombe. Ng'ombe wa watu walikamatwa na kuuzwa kwa mnada kwa bei duni. Ndipo Muindi Mbingu na wenziwe wa Ukamba Members Association walipowakusanya watu. Na mwezi wa Julai wanaume, wanawake na watoto, zaidi ya elfu moja, walikwenda Nairobi kumtaka Gavana awasikilize. Walikaa huko majuma kadhaa bila fujo. Muindi Mbingu alikamatwa akapelekwa uhamishoni Lamu. Lakini kabla ya mwaka kwisha, kuuza kwa nguvu kulikomeshwa.

Wazee, tukio hili lina fundisho kwa vyama vyote vya Waafrika. Watu wale hawakwenda Nairobi kwa sababu ya kupenda hesabu kubwa ya ng'ombe, kama ilivyosemwa. Walikwenda kwa sababu ng'ombe alikuwa mahari, alikuwa karo, alikuwa plau ya shamba, alikuwa chakula cha mwaka wa njaa. Kumnyang'anya mtu hayo yote kwa mnada wa siku moja ni kumwacha bila akiba wala ukoo. Na walishinda kwa kuwa walikwenda pamoja.

NG'OMBE WA GREDI

Baadaye mashauri yalibadilika. Mwaka 1946 kilianzishwa Kabete kituo cha kuhifadhi na kugawa mbegu za fahali bora. Mwaka 1954 ulitoka mpango uitwao wa Swynnerton, uliofungua njia kwa wakulima Waafrika kupata hati za mashamba, mazao ya biashara, na ng'ombe wa maziwa wa Ulaya. Baada ya Uhuru kazi hiyo ilienea sana. Majosho yalijengwa, vyama vya ushirika vya maziwa vikasimama, na watoto wengi walisomeshwa kwa fedha ya maziwa. Haifai mtu yeyote asimame leo na kuyadharau hayo. Penye mvua ya kutosha, majani ya tembo, barabara na soko, ng'ombe wa gredi amewanufaisha watu wetu.

Lakini ng'ombe huyo hakuja peke yake. Alikuja na mahitaji yake: chakula kingi, maji kila siku, dawa ya kupe kila juma, daktari wa kumtibu. Majosho mengi yaliyokuwa ya serikali yalidhoofika katika miaka ya 1980 na 1990, na gharama zikamwangukia mfugaji. Ugonjwa wa kupe uitwao East Coast, uliopata jina hilo mwanzoni mwa karne ya 20 kwa kuwa ng'ombe waliotoka pwani yetu waliupeleka Afrika ya Kusini, huua ng'ombe wa gredi upesi mno. Kisha kukawa na ukame wa 1984, na wa 2000, na wa 2009, na ule mrefu wa 2020 mpaka 2022, ambao uliua mifugo zaidi ya milioni 2 katika Kenya. Hata Boran na zebu walikufa kwa wingi katika ukame huo wa mwisho, na wasomaji wetu wa Isiolo na Marsabit hawahitaji kuambiwa. Mahali pengi boma lilianza tena kwa wale majike wa kienyeji waliotembea mpaka mvua ikanyesha.

Watu wa kaskazini walikuwa wamekwisha kuonja msiba kama huo hata pasipo ukame. Katika vita vya Shifta, kati ya 1963 na 1967, jamaa nyingi za Waborana wa Isiolo walikusanywa katika vijiji, malisho yakafungwa, na ng'ombe wao wengi wakafa, wakaporwa au wakapigwa risasi. Walioinuka tena waliinuka kwa kusaidiana kidogo kidogo, ndama kwa ndama.

WENGINE WANAMTAFUTA

Huku kwetu baadhi ya vijana wakimwonea haya ng'ombe wa kienyeji, watu wa mbali wanamtafuta. Kuelekea mwaka 1990 viinitete vya Boran kutoka Zambia, nchi iliyokuwa imepata ng'ombe hao mbele, vilipelekwa Australia kwa majaribio. Na kutoka huko mbegu zikafika Marekani. Afrika ya Kusini nayo ina wafugaji wa Boran wenye chama chao na daftari lao. Wanamtaka kwa sababu zile zile zilizowafanya Waborana wamtunze: huzaa bila shida, humpenda ndama wake, huvumilia joto, na nyama yake ni nzuri ingawa amelishwa nyasi tu. Mwaka 2012, Nairobi, katika taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, alizaliwa ndama wa Boran aliyetokana na chembe za mwili wa ng'ombe mwingine, naye akaitwa Tumaini. Nia ilikuwa kutafuta njia ya kupata ng'ombe atakayeweza kustahimili malale ya mifugo yaletwayo na mbung'o.

Na jambo hilo la mbung'o lina ndugu yake karibu nasi. Waorma wa Mto Tana wana Boran wao, mdogo kuliko yule wa Laikipia. Katika miaka ya 1980 wataalamu walimlinganisha na Boran wa shamba la Galana, wakaona kwamba yule wa Waorma huambukizwa kidogo na huweza kustahimili zaidi ugonjwa wa mbung'o. Kwa nini? Kwa sababu amekaa na mbung'o vizazi vingi, na waliokuwa dhaifu hawakuacha uzao. Kama Waorma wangeshauriwa kuondoa ng'ombe wao "wadogo" na kuleta wakubwa kutoka nyanda za juu, hazina hiyo ingalipotea kabla hata haijajulikana.

KUMFUGA KATIKA SHAMBA LA JAMAA

Yatupasa sasa kusema namna ya kumfuga, maana kumsifu ng'ombe hakumshibishi. Wengi wetu hatuna mbuga. Tuna ekari chache na malisho ya pamoja kidogo.

Kwanza, fahali. Fahali ni nusu ya kundi, kwa kuwa kila ndama huchukua nusu ya damu kwake. Asichaguliwe kwa rangi wala kwa pembe. Atazamwe mama yake: alizaa kila mwaka? alimnyonyesha ndama mpaka akanenepa? alistahimili kiangazi kilichopita? Fahali wengine wote wahasiwe mapema wawe maksai. Boma lenye fahali watano wasio na sifa ni boma lisilo na mchungaji.

Pili, fahali asikae kundini kupita miaka mitatu au minne. Akikaa zaidi, atawapanda binti zake mwenyewe, na uzao utapungua mwili na nguvu. Abadilishwe na jirani, mradi jirani naye awe na ng'ombe wa mbegu ile ile.

Tatu, maziwa yagawanywe kwa haki. Wazee walikuwa na desturi ya kukama chuchu mbili na kumwachia ndama mbili. Desturi hiyo ina maana. Zebu hateremshi maziwa vyema bila ndama wake kuwapo, na ndama akinyimwa miezi ya mwanzo hatafidiwa baadaye kwa chakula chochote.

Nne, kupe. Ni kosa kudhani kwamba ng'ombe wa asili hafi kwa kupe. Zebu wa nchi yenye kupe ana kinga ya nchi yake. Lakini Boran aliyetoka nchi kavu isiyo na kupe wa East Coast, akiletwa nyanda zenye kupe, hufa kama wa gredi. Basi anunuliwe karibu, au achanjwe kwanza. Maana iko chanjo ya ugonjwa huo, nayo chimbuko lake ni utafiti uliofanywa Muguga. Ulizeni daktari wa mifugo wa eneo lenu.

Tano, kuchanganya damu kuwe kwa mpango. Mwenye majike kumi akitaka kumpandisha mmoja au wawili kwa mbegu ya Sahiwal au ya maziwa, hakuna ubaya. Lakini akiwapandisha wote kumi, na binti zao tena, na wajukuu tena, baada ya miaka kumi na miwili hatakuwa na zebu wala hatakuwa na ng'ombe wa gredi kamili. Atakuwa na mchanganyiko usiojulikana. Ni afadhali daima sehemu ya kundi ibaki safi, kama mtu awekavyo mbegu ya mahindi pembeni kabla ya kula.

Sita, daftari. Masetla wa Laikipia hawakuwa na ng'ombe bora kuliko Waborana. Walikuwa na karatasi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mtoto yeyote wa darasa la sita aweza kuandika jina la ng'ombe, jina la mama yake, fahali aliyempanda, siku ya kuzaa, na ndama amefikaje. Mzee hushika ukoo wa ng'ombe wake wote kichwani mpaka kizazi cha tano. Lakini mzee akifariki bila kuandikiwa, ukoo wa kundi lake huzikwa pamoja naye.

SHAURI KWA WANACHAMA

Turudi sasa kwa mzee na kijana tuliowataja mwanzo. Historia haimwambii kijana kwamba amekosa kutaka maziwa, wala haimwambii mzee kwamba kila alichorithi ni kitakatifu. Yatuambia hivi: ng'ombe wa gredi ni wa nyakati njema, na zebu ni wa nyakati zote, basi boma lenye busara lisiache mmoja kwa ajili ya mwingine kabla ya kupima mvua yake, malisho yake, fedha yake na umbali wake na soko. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Na katika miaka hii ambayo mvua imekuwa haitabiriki, nyakati njema si za kutegemewa kama zamani.

Kwa hiyo yapendekezwa, ili yajadiliwe katika mkutano mkuu wa mwaka, mambo matatu. La kwanza, wanachama walio na ng'ombe wa kienyeji ambao hawajachanganywa wajiandikishe kwa katibu, na kila mmoja apewe daftari moja la kundi. La pili, wanachama wa mtaa mmoja washirikiane kununua fahali mmoja mzuri wa mbegu ya nchi yao, wamtunze kwa zamu, na kumbadilisha na mtaa mwingine kila mwaka wa tatu. La tatu, katika mfuko wa misaada, mwanachama aliyepoteza ng'ombe wake kwa ukame au maradhi asipewe fedha peke yake. Apewe, kila iwezekanapo, mtamba wa kuzaa kutoka kwa wenziwe, kwa masharti kwamba naye atatoa mtamba wa kwanza atakaozaliwa bomani mwake kwa mwingine mwenye haja.

Jambo hilo la tatu si geni. Ndilo Waborana walilolifanya siku zote, na ndilo makabila yetu mengi yalilolifanya kwa majina mbalimbali kabla ya kuwako kwa benki. Fedha ya msaada huisha dukani kabla ya mwezi mpya kuandama. Mtamba akikubali nchi, huzaa. Na baada ya miaka michache hapo palipokuwa na msiba pana zizi, na mwenye zizi huweza naye kuja mkutanoni akiwa mtoaji.

Katibu atapokea majina ya wenye ng'ombe kuanzia siku ya mkutano. Wazee wanaokumbuka koo za ng'ombe wa sehemu zao, majina yao, rangi zao na mahali walikotoka, wanaombwa waje na vijana wao wanaojua kuandika, ili habari hizo zichukuliwe wakiwa hai.